Kura Niliyopiga Leicester

Kadi yenyewe aliiokota yeye. Ilikuwa Mei 2016, saa moja asubuhi, mimi nashuka ngazi kwenda kuchemsha chai, yeye ndiyo kwanza anaingia kutoka zamu ya usiku. Barua za jana yake zilikuwa bado chini, kwenye zulia, pale zilipodondokea kutoka kwenye tundu la mlango. Katika nyumba ile aliyeziona kwanza ndiye aliyezigawa. Akanipa mbili: moja ya benki, nyingine kadi yenye jina langu, jina la kituo cha kupigia kura, na tarehe 23 Juni. Aliigeuza mbele na nyuma kabla ya kuniachia.

"Hii ni yako kweli?"

Nikamwambia ndiyo. Akatazama tena pale chini, kwenye matangazo ya piza, japo alijua fika kwamba ya kwake haipo.

Alikuwa Mpolandi. Mimi nilimwita Dada tangu wiki ya kwanza, kwa sababu alinizidi kama miaka kumi na mbili na sisi hatumwiti mkubwa kwa jina kavu. Alidhani ni jina la utani, akalipenda. Alikuja Uingereza 2005, mwaka mmoja baada ya nchi yake kuingia Umoja wa Ulaya. Akafanya kazi kwenye mabanda ya kuku, akatandika vitanda hotelini, na wakati ule alikuwa anafungasha saladi kwenye kiwanda kimoja nje ya mji. Miaka kumi na moja ya kulipa kodi. Mimi nilikuwa na miezi minane, mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka Dar es Salaam, sanduku moja na blanketi la Kichina. Na Uingereza ilikuwa inaniuliza mimi kama ibaki kwenye Umoja wa Ulaya au ijitoe. Yeye haikumuuliza.

Nikisimulia hili Dar watu wanadhani natia chumvi. Lakini ndivyo sheria ilivyokuwa. Waliopiga kura ni raia wa Uingereza, raia wa Ireland, na raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi kule kihalali. Mtanzania ndani. Mkenya na Mganda ndani. Hata Mnyarwanda ndani, maana Rwanda iliingia Madola 2009 bila hata kuwahi kutawaliwa na Mwingereza. Wamalta na Wasaiprasi waliingia kwa sababu nao ni wa Madola. Mjerumani aliyezeekea London, Mfaransa mwenye wajukuu Bristol, Mpolandi wa kwenye saladi, hao nje. Kura ya kuamua hatima yao iliwapita, ikaja kwangu kama sahani iliyobaki ya himaya ya zamani.

Kichekesho zaidi ni kwamba nchi yangu mwenyewe ilikuwa haijaniuliza kitu. Niliondoka Dar Septemba 2015, na tarehe 25 Oktoba watu wakapanga foleni kumchagua rais kati ya Magufuli na Lowassa. Mtanzania akiwa nje ya nchi hana kura. Niliufuatilia uchaguzi ule kwenye simu, nikiwa nimejifunika blanketi. Siku tatu baadaye uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa, ukarudiwa Machi. Kwa hiyo mwezi Machi, pale chuoni, nilipokuta meza ya kuandikisha wapiga kura na binti mmoja akaniambia "wewe una haki", nilijiandikisha kwa hasira fulani ya kuchekesha. Angalau mtu mmoja duniani ananihesabu.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Mhindi wa Nakuru. Nilijua hilo siku ya tatu tu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi naongea na mama kwa simu, kwa Kiswahili maana Kihaya changu kimechoka, namweleza kwamba hela inakaribia kuisha. Sauti ikatoka jikoni, alikokuwa anafunga bomba: "Kama pesa nakwisha, kodi ya mimi nalipa nani?"

Nikaenda kumwamkia. Aliposikia shikamoo alicheka mpaka akaweka spana chini. Alisema katika miaka yake yote ya Nakuru hakuna aliyewahi kumpa shikamoo, walimwita Mhindi tu, au Bwana kama wanataka mkopo dukani. Tangu siku hiyo nikawa namwita Mzee, na yeye akawa anapita kila Jumapili, hata kama hakuna kilichoharibika, ili azungumze Kiswahili chake cha duka la baba yake.

Alifika Februari 1968, ana miaka kumi na tisa, akiwahi mlango kabla haujafungwa. Wahindi wengi wa Kenya walibaki na pasipoti za Uingereza baada ya uhuru. Kenya ilipoanza kuwadai wasio raia vibali vya kazi, wakaanza kuondoka kwa maelfu. Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuwazuia na kuipitisha kwa siku tatu. Pasipoti inasema wewe ni wa Uingereza, lakini haikuingizi Uingereza. Miaka minne baadaye, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya mji huohuo wa Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasije huko, mji umejaa. Walikuja. Ukipita Belgrave Road leo, kwenye maduka ya dhahabu na sambusa, utawasikia wazee wanaogombana bei kwa Kigujarati na katikati linaponyoka neno la Kiswahili.

Kwa hiyo ungetegemea mtu aliyepitia hayo amwonee huruma mgeni mwenzake. Kumbe Mzee alikuwa Kujitoa wa damu.

"Sikia, kijana. Sisi nakuja na pasipoti ya Malkia, tunasimama kwa baridi. Mpolandi nakuja na kitambulisho tu, kama naenda sokoni. Mpwa ya mimi nataka mpishi kutoka Gujarat. Nahitaji makaratasi kama mpishi naoa binti ya Malkia!"

Hakuwa anajitungia. Kambi ya Kujitoa iliwaambia wenye migahawa ya Kihindi na Kibangladeshi kwamba mlango wa Ulaya ukifungwa, wa kwao utafunguka. Aliyelisema hilo kwa nguvu kuliko wote ni Priti Patel, waziri katika serikali ya David Cameron, binti wa Wagujarati waliotoka Uganda. Hoja ilikuwa rahisi na ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana ilinasa: kwa nini Mzungu kutoka Bucharest aingie bure, na mtoto wa koloni aliyefundishwa Kiingereza kwa kiboko asote?

Mabishano ya hadharani, yaliyokuwa kwenye runinga na magazetini, yalikuwa kitu kingine. Mimi ni mwandishi wa habari na nilikuwa nakusanya kurasa za mbele kama mtoto anavyokusanya vizibo vya soda. Wa Kubaki walizungumza kama karani wa bima. Wizara ya Fedha ilitoa hesabu kwamba kujitoa kutaifanya kila kaya iwe maskini zaidi kwa pauni 4,300 kwa mwaka ifikapo 2030. Nani analia kwa sababu ya 2030? Wa Kujitoa walikuwa na basi jekundu lililoandikwa ubavuni kwamba Uingereza inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kwa wiki, tuzipeleke hospitali badala yake. Mamlaka ya takwimu ya nchi ikasema hesabu hiyo inapotosha, maana kuna punguzo na kuna fedha zinazorudi. Basi likaendelea kutembea. Na kila aliyelipinga ilibidi kwanza aitaje ile milioni 350. Michael Gove akaulizwa kwenye runinga kuhusu wachumi wote wanaompinga, akajibu kwamba watu wamechoshwa na wataalamu. Nilikuwa chumba cha wanafunzi, tukacheka. Tulikuwa wanafunzi wa uzamili, ndiyo kwanza tunanunua utaalamu kwa mkopo.

Kuna ya Aprili sisahau. Barack Obama alikuja London kuwasihi Waingereza wabaki. Boris Johnson akaandika kwenye The Sun kuhusu sanamu ya Churchill kuondolewa Ikulu ya Marekani, na humo akagusia kwamba wengine wanaona labda ni kwa sababu rais huyo ni nusu Mkenya, na amerithi kinyongo dhidi ya himaya ya Waingereza. Wakenya wa pale chuoni waliichekea siku nzima. Jioni mmoja wao, bibi yake aliwekwa kizuizini enzi za Mau Mau, akasema polepole, "Sasa kama ni kinyongo, si kina sababu?" Hakuna aliyeongeza neno.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nimeizunguka miaka yote hii.

Mama yangu alitaka kuja kunitembelea. Mama ana shamba la migomba na kahawa nje kidogo ya Bukoba, ana wajukuu saba, na ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake ambao wasingemruhusu alale nje wiki mbili bila kuacha ufunguo. Sehemu ya ada yangu ilitoka kwenye kikoba hicho, na sehemu kwenye ng'ombe wawili. Tukajaza fomu, tukalipa, akasafiri hadi Dar kuweka alama za vidole. Mwisho wa Mei barua ikaja: maombi yamekataliwa, haikuthibitika kwamba ataondoka muda wake ukiisha.

Alinisomea barua kwenye simu, Kiingereza chake cha shule ya misheni, neno kwa neno. Kisha akauliza, "Wanadhani nikae huko nifanye nini?"

Jioni ile Dada alikuwa anasubiri mama yake mwenyewe, aliyekuja kwa basi kutoka Poland. Basi! Alionyesha kitambulisho tu bandarini. Bibi mzuri, kaleta soseji na pickle za matango kwenye ndoo, akanikumbatia kana kwamba mimi ndiye mwanawe. Nilikula soseji zake huku kitu kinanikaba kooni. Wanafunzi kutoka Umoja wa Ulaya walilipa ada ileile ya Waingereza, mimi karibu mara mbili. Mimi nililipia huduma ya afya pauni 150 za mwaka kabla hata sijapanda ndege, wao hawakuilipa. Na sasa hii.

Wiki hizo nilikuwa nasoma By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, kitabu cha 2001. Wasomaji wa hapa wengi wanakijua. Saleh Omar, mzee kutoka Zanzibar, anatua Gatwick, anaomba hifadhi na kujifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anayemhoji, Kevin Edelman, ni mtoto wa wakimbizi kutoka Romania. Anamwambia hivyo mwenyewe. Na bado haoni kufanana kokote: wazazi wake walistahili kuwa pale, mzee huyu hastahili. Kisha anamchukulia kikasha chake cha udi. Nilisoma sura hiyo mara tatu. Sikuiona tena kama riwaya. Nilimwona Edelman katika kila Mzungu wa Ulaya aliyepita kwenye foleni fupi ya uwanja wa ndege, na sina budi kusema, nilianza kumwona hata jikoni kwetu.

Hii ni dhuluma, najua. Dada hakuwa Edelman. Mwezi Januari hela yangu ilipochelewa, ni yeye aliyenikopesha pauni 200 za kodi, akazihesabu mezani noti kumi-kumi, akasema nisimwambie Mzee. Nilizirudisha mwezi Aprili. Nilipoumwa mafua yale ya kwao yanayolaza mtu, alinipikia supu ya viazisukari vyekundu, nikadhani ananinywesha rangi.

Jumapili moja ya mwanzo wa Juni tulijikuta wote watatu jikoni. Mzee amepiga magoti mbele ya mtambo wa maji ya moto, Dada anakunja maandazi yao ya viazi, mimi naosha vyombo. Redio ikaanza. Dada akamuuliza Mzee kwa Kiingereza, kwa utani, nani atamfungashia saladi akishamfukuza. Mzee akaona aibu. Akasema yeye hana neno naye, yeye ni mpangaji mzuri, tatizo ni wale wengine. Dada akasema, "Wengine kina nani? Wale wengine wote wana mtu anawaambia hivyohivyo."

Mzee akanigeukia kwa Kiswahili. "Mwambie si yeye. Mwambie ni sheria, si mtu."

Dada akanitazama akisubiri tafsiri. Nikamwambia, "Anasema bomba linavuja." Mzee akainamia kazi yake. Nadhani hapo ndipo nilipoamua, ingawa kura ilikuwa bado wiki mbili na kitu.

Tarehe 16 Juni Nigel Farage akazindua bango lake: foleni ndefu ya wakimbizi, picha iliyopigwa 2015 kwenye mpaka wa Slovenia, na maandishi kwamba nchi imefika ukingoni. Waliokuwa kwenye foleni hawakuwa Wapolandi. Walikuwa watu weusi weusi na wa kahawia, wenye nyuso za kina Mzee na mimi. Siku hiyohiyo, saa chache baadaye, mbunge Jo Cox aliuawa nje ya maktaba huko Birstall, Yorkshire, mama wa watoto wawili, kwa risasi na kisu. Kampeni zikasimamishwa. Sina kisingizio cha kusema sikujua ni aina gani ya hasira ninayoiongezea kuni. Nilikuwa nimeiona, imechapishwa, kwa rangi.

Kituo changu kilikuwa ukumbi wa kanisa. Hakuna foleni, hakuna askari, hakuna wino wa kidole. Hata kitambulisho hawakuomba wakati ule, nilitaja jina na anwani basi. Penseli ilikuwa imefungwa kwa kamba. Mitandaoni kulikuwa na watu wanaohimizana waende na kalamu zao, eti serikali itafuta penseli. Karatasi ilikuwa na maswali mafupi kuliko fomu ya maktaba. Kubaki, mraba. Kujitoa, mraba.

Niliweka alama ya Kujitoa.

Sikuwaza uhuru wa Bunge wala pauni milioni 350. Wala sikuamini kwamba mama atapata viza kwa sababu hiyo, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilitaka tu mtu mwingine, mahali fulani Ulaya, asome ile barua kwenye simu. Nilitoka nje nikanunua chipsi.

Usiku ule nilikesha na Wakenya wawili na Mnigeria. Gibraltar ilitangulia kutangazwa, karibu asilimia 96 Kubaki, tukaona limeisha. Kisha Sunderland, asilimia 61 Kujitoa, na mtangazaji akanyamaza kidogo kuliko kawaida. Pauni ikaanza kuporomoka tunaiona, mpaka kiwango ambacho haikuwahi kufika tangu 1985. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri BBC ikatangaza. Asilimia 51.9 kwa 48.1. Watu milioni 17.4, nikiwemo. Scotland ilikuwa imesema Kubaki, Ireland ya Kaskazini pia. Leicester yenyewe, mji wa Mzee, Kubaki kwa kama 51 kwa 49. Mmoja wa Wakenya alisema, "Hawa wamejiroga," akalala kwenye kochi. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Dada aliingia saa moja kama kawaida. Alikuwa ameshasikia, kiwandani mashine ziliendelea, akasema, lakini hakuna aliyeimba, na zamu ile huwa wanaimba. Hakuvua koti. Akaniuliza, "Ulienda?"

Nikasema nilienda.

"Asante," akasema. "Najua ulijaribu."

Akanishika bega, akaenda kukaanga mayai, akaniwekea mawili.

Ningeweza kusema kitu. Jikoni pale hapakuwa na mtu mwingine, na mayai yalichukua dakika nne. Farage alikuwa kwenye runinga anakiri kwamba ile ahadi ya milioni 350 kwenda hospitali ilikuwa kosa. Cameron akatoka mbele ya mlango wake akajiuzulu. Nikala mayai.

Wikiendi ile zikaanza habari za kadi zilizosambazwa Huntingdon zikiwaita Wapolandi wadudu, na ukuta wa kituo chao cha utamaduni Hammersmith kuchafuliwa kwa rangi. Dada akaanza kuzungumza na mama yake kwa sauti ya chini akiwa kwenye basi. Mzee hakuja Jumapili. Alikuja iliyofuata. Mjukuu wake, mzaliwa wa Leicester, baba yake mzaliwa wa Leicester, aliulizwa shuleni na mwenzake ataanza lini kufunga mizigo. Mzee alinieleza hilo huku akigeuza spana mkononi, kwa Kiswahili, taratibu, na mwisho akauliza swali ambalo sikujua kama ni langu au lake: "Lakini mimi iko hapa tangu 1968?"

Mwezi Julai, Tanzania ikatangaza haitasaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, na moja ya sababu ilizotoa ni vurugu za Brexit. Kenya na Rwanda wakasaini Septemba. Mhariri wangu wa Dar akaniomba makala. Nikaandika maneno elfu moja yaliyotulia, hoja za upande huu na upande ule, na aya kuhusu maua ya Naivasha. Sikuandika kwamba mwandishi alipiga kura.

Nilikuwa hata na sababu ya kifamilia ya kujua zaidi. Babu yangu, baba wa mama, alikuwa fundi kwenye meli za Ziwa Victoria enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Ilipovunjika 1977, viongozi waligombea ndege na mabehewa. Babu aligombea mafao. Alifariki na faili lake chini ya godoro, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Huyo ndiye anayelipia umoja ukivunjika, mtu wa daraja la spana. Nilikuwa nimeikuta hadithi hiyo nyumbani tangu nikiwa mtoto, na siku ya penseli haikunijia hata kidogo.

Kilichofuata mnakijua. Uingereza ikatoka rasmi 31 Januari 2020. Mlango wa Ulaya ulipofungwa, ule wa kwetu kweli ulifunguka, na Mzee angecheka: uhamiaji wa jumla ulipita laki tisa kwa mwaka hadi Juni 2023, wengi wakiwa watu wa nje ya Ulaya. Binamu yangu yumo, anawahudumia wazee. Machi 2024 wakawazuia wahudumu wapya kuja na watoto na wenza. Katikati ya hayo, Priti Patel, wakati huo akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alikwenda Kigali 2022 kusaini mpango wa kupeleka Rwanda waomba hifadhi, mpaka Mahakama ya Juu ikaukataa. Yaani Afrika Mashariki ikawa mahali pa kumtishia mtu.

Riwaya za Brexit nimezisoma kadhaa. Autumn ya Ali Smith ilitoka Oktoba 2016, nilikuwa nimesharudi Dar, na inanasa vizuri jinsi nchi ilivyoamka haijitambui. Katika nilizosoma, mpiga kura wa Kujitoa ni Mzungu mzee wa mji uliofungwa viwanda. Anakuwepo, sibishi, nilimwona. Ila simkuti Mzee na spana yake. Na kijana wa Bukoba aliyepiga kura ya kisasi akala mayai ya aliyemlipizia, huyo pia sijamkuta.

Mzee alifariki 2021. Mwanawe alinitumia picha ya duka la Nakuru, mbao za mlango za buluu, kijana mwembamba amesimama mbele.

Dada alirudi Poland 2018, kabla hata ya kulazimika kuomba kibali cha kubaki. Alisema alichoka kungoja kuambiwa. Ana bustani sasa, ananitumia picha za viazisukari vyekundu. Anajua naandika hapa. Kila makala ikitoka huniomba kiungo, anabonyeza kitufe cha kutafsiri, kisha ananirudishia sentensi zilizoharibika ili tucheke.

Juzi kaniuliza naandika nini. Nikamjibu, kuhusu Leicester, ile nyumba.

Akaandika, "Nitumie ikitoka."